Uzee wa Mama wa Nyumbani: Nani Anamchangia?



Katika nyumba nyingi habari ya pensheni huzungumzwa kama habari ya mtu mmoja tu. Ni pensheni ya baba. Yeye ndiye mwenye kadi ya uanachama, yeye ndiye anayekatwa mshahara kila mwisho wa mwezi, na yeye ndiye atakayetia saini fomu siku ya kustaafu. Mama aliyeamka alfajiri kwa miaka thelathini kuwasha moto, aliyewapeleka watoto zahanati, aliyemwuguza mama mkwe mpaka akakata roho mikononi mwake, hana karatasi hata moja ya mfuko yenye jina lake. Akiulizwa uzeeni atakula nini, hujibu kwa imani kwamba atakula pamoja na mumewe.

Jibu hilo ni jema, na Mungu awajalie wote wanaolitoa liwe kweli. Lakini yako mambo yanayoweza kulivunja. La kwanza ni kifo, nacho hakibishi hodi. La pili ni talaka, ambayo siku hizi huwafika hata watu walioishi pamoja hadi wakaona wajukuu. La tatu ni kwamba fedha iliyoandikwa jina la mtu ni mali ya mtu huyo, naye huitumia apendavyo. Ndiyo maana leo twapenda kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo halijazoeleka sana kwetu, yaani mke au mume asiye na ajira kuchangiwa kwa hiari ili naye apate pensheni yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe.

Somo kutoka Uingereza

Ili kulielewa jambo hili vizuri, yafaa tuitazame nchi ambayo imelihangaikia kwa muda mrefu, ikakosea, ikasahihisha, na bado inaendelea kusahihisha. Nchi hiyo ni Uingereza. Isitoshe, wako ndugu zetu wengi kutoka Tanzania, Kenya na nchi jirani walioishi huko, na wengine wamekwisha kurudi nyumbani. Baadhi yao habari hii yawagusa mfukoni moja kwa moja.

Mwaka 1942, wakati wa vita vikuu, William Beveridge alitoa taarifa yake mashuhuri iliyoweka msingi wa bima ya taifa ya nchi hiyo. Katika taarifa hiyo wananchi waligawanywa katika mafungu sita, na wake walioolewa wenye umri wa kufanya kazi waliwekewa fungu lao peke yao. Beveridge alikubali kwamba kazi ya mama nyumbani ni ya lazima kwa taifa ijapokuwa haina mshahara. Lakini mpango ulipoanza tarehe 5 Julai 1948, mke hakuhesabiwa kuwa mchangiaji anayejitegemea. Alipandishwa mgongoni mwa mumewe. Mume akilipa, na mke amelipiwa. Mume akistaafu, mke hupata sehemu kutokana na michango ya mumewe.

Hata mwanamke aliyeolewa na aliyekuwa akifanya kazi ya mshahara aliruhusiwa kuchagua kulipa mchango mdogo. Zama hizo michango ilithibitishwa kwa stempu zilizobandikwa katika kadi, na mchango huo mdogo ukaitwa stempu ya mwanamke aliyeolewa. Wengi waliuchagua. Nani asiyependa kubaki na senti chache zaidi katika bahasha ya mshahara? Lakini stempu hiyo haikumjengea pensheni yake. Mlango huo ulifungwa kwa wanawake wapya mwaka 1977, na waliokwisha kuingia waliruhusiwa kuendelea. Baadhi yao walikuja kutambua walipofika uzeeni kwamba miaka yao mingi ya jasho haikuandikwa popote kwa manufaa yao.

Mwaka 1978 hatua nyingine ilichukuliwa. Mzazi aliyebaki nyumbani kulea watoto alianza kupewa kinga, ili miaka ya kulea isimharibie hesabu ya pensheni. Tangu mwaka 2010 kinga hiyo imegeuzwa kuwa miaka ya kuhesabiwa kamili: mwaka mmoja wa kulea huandikwa kama mwaka mmoja wa kuchangia, bila ya kulipa hata senti.

Hesabu ilivyo sasa

Tangu tarehe 6 Aprili 2016, kila mtu katika Uingereza hujengewa pensheni ya serikali kwa rekodi yake mwenyewe. Ule utaratibu wa zamani wa mke kupata hadi asilimia 60 ya pensheni ya msingi ya mumewe haumo katika mpango mpya. Anayeanza upya chini ya mpango huu anahitaji miaka 35 ya kuhesabiwa ili apate pensheni kamili, na asiyefikisha angalau miaka 10 hapati chochote. Kwa hiyo mke aliyekaa nyumbani hawezi tena kuegemea kadi ya mumewe. Lazima awe na yake.

Hapo ndipo inapoingia michango ya hiari, inayojulikana kama michango ya daraja la tatu. Mtu mwenye mapengo katika rekodi yake anaruhusiwa kuyajaza kwa kulipa mwenyewe, au kulipiwa na mwenzi wake, na kwa kawaida anaweza kurudi nyuma hadi miaka sita. Tuchukue mfano wa mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025. Mchango ulikuwa pauni 17.75 kwa wiki, ambayo ni kiasi cha pauni 923 kwa mwaka mzima. Pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Gawanya kwa 35, utaona kwamba kila mwaka mmoja uliojazwa huongeza kiasi cha pauni 6.58 kwa wiki, yaani karibu pauni 342 kila mwaka, maisha yote ya uzeeni.

Linganisha sasa. Umetoa pauni 923 mara moja. Unapata karibu pauni 342 kila mwaka. Katika muda usiofika miaka mitatu ya kustaafu fedha yako imerudi, na baada ya hapo ni faida tupu hadi siku ya kufa. Ni mifuko michache ya akiba iwezayo kutoa ahadi ya namna hiyo.

Lakini, msomaji, usikimbilie kulipa. Wako watu waliolipa bure. Mtu ambaye atafikisha miaka 35 bila ya kununua hana sababu ya kununua. Mtu mwenye miaka mitatu tu, na ambaye hata akijaza mapengo yote yaliyo wazi hatafika 10, atakuwa amemwaga maji mchangani. Na mtu fukara sana, ambaye serikali ingemwongezea posho uzeeni kwa sababu ya ufukara wake, huenda akaona nyongeza aliyoinunua inapunguza posho hiyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba taarifa ya rekodi yako na makisio ya pensheni yako. Taarifa hiyo hutolewa bure. Ni baada ya hapo tu ndipo mtu afungue mkoba.

Miaka ya bure kabla ya miaka ya kununua

Liko jambo jingine ambalo familia nyingi hulipuuza. Kabla ya kununua mwaka, uliza kwanza kama mwaka huo haupatikani bure.

Huko Uingereza mzazi anayepokea posho ya mtoto huandikiwa miaka ya pensheni mpaka mtoto atimize umri wa miaka 12. Neno muhimu hapo ni "anayepokea". Posho hiyo ikiandikwa jina la baba aliye kazini, mwaka unakwenda kwa baba, ambaye hauhitaji, kwa kuwa tayari anakatwa mshahara. Mama aliye nyumbani na mtoto mgongoni anabaki mikono mitupu. Kosa hilo la jina moja katika fomu moja laweza kumpotezea mama miaka mingi, ingawa iko njia ya kuomba miaka hiyo ihamishiwe kwake.

Aidha, tangu Januari 2013 familia ambayo mmoja wao ana kipato kikubwa hutozwa kodi inayorudisha posho hiyo yote au sehemu yake. Baadhi ya familia zikaona hakuna haja ya kuomba kabisa. Kumbe njia iliyo sahihi ni kujaza fomu, kisha kuikataa fedha. Fedha haiji, lakini jina la mama linaingia katika daftari na miaka yake inahesabiwa.

Hata bibi hakusahauliwa. Tangu mwaka 2011, bibi au babu ambaye hajafikia umri wa pensheni, na anayemlea mjukuu wa chini ya miaka 12 ili mzazi aende kazini, anaweza kuomba mwaka wa mzazi huyo uhamishiwe kwake. Tufikirie ni mabibi wangapi katika nchi zetu wanaolea wajukuu, na tuone jambo hilo lilivyo na busara.

Neno kwa wanaorudi nyumbani

Kwa ndugu waliofanya kazi Uingereza nao wanapanga kuzeekea Tanga, Mombasa au Unguja, liko tahadhari moja kubwa. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata kwa mtu aishiye huku. Lakini Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi ambamo pensheni hiyo hupandishwa kila mwaka. Kiasi ambacho mtu analipwa siku anapohamia, au siku anapoanza kulipwa akiwa huku, ndicho atakacholipwa miaka yote atakayokaa huku. Bei ya unga itapanda, nauli itapanda, lakini pauni zake zitabaki zile zile. Anayepiga hesabu ya kumnunulia mkewe miaka ya nyongeza, kisha warudi wote nyumbani, hana budi kuliingiza jambo hilo katika hesabu yake. Bado huenda ikawa faida, lakini si ile faida ya mtu aliyebaki London.

Na sisi je?

Tugeuke sasa tujitazame wenyewe. Hapa Tanzania Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1964, nao ulimpa mtu fedha yake kwa mkupuo. Mwaka 1997 ilipitishwa sheria iliyoanzisha Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, unaotoa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri wenyewe.

Misingi yote hiyo ilijengwa juu ya mshahara. Sheria yetu haihesabu miaka ya kulea watoto kuwa miaka ya kuchangia. Mama aliyeacha kazi kwa ajili ya pacha wake, akakaa nyumbani miaka minane, miaka hiyo ni pengo tupu. Mume akifariki, yako mafao ya warithi. Lakini mafao hayo hutokana na rekodi ya mume, na hayamfai mke ambaye mumewe yu hai na ameamua kuishi mahali pengine.

Ajabu ni kwamba sheria zetu upande mwingine zimekwisha kuitambua kazi ya mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali wakati wa talaka itazame mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri linalojulikana kwa jina la Bi Hawa Mohamed, iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mama mwenye shauri lile hakupata mgawo aliouomba, kwa kuwa Mahakama iliona fedha aliyokwisha kupewa na mumewe aliitumia vibaya. Lakini kanuni iliyowekwa siku ile imewafaa wanawake wengine wengi waliofuata.

Basi neno ni moja, mchango. Mahakamani kufua, kupika na kulea ni mchango. Katika daftari la pensheni, mambo hayo hayo si kitu. Hukumu ile inamsaidia mke siku ya kugawana nyumba na shamba, lakini haimwandikii hata mwezi mmoja katika mfuko.

Mlango ulio wazi

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. NSSF hupokea wanachama wa hiari waliojiajiri: mkulima, mvuvi, mama lishe, fundi cherehani, dereva wa bodaboda. Mama wa nyumbani anayefuga kuku ishirini uani, anayekaanga maandazi ya kuuza asubuhi au anayeshona vitambaa, ni mtu aliyejiajiri, hata kama jirani zake humwita mtu asiye na kazi. Anaweza kwenda katika ofisi ya mfuko iliyo karibu, akaeleza shughuli yake, akaulizia kiwango cha kuchangia na masharti yake, akaandikishwa kwa jina lake mwenyewe.

Lakini hapa lazima tuseme ukweli kuhusu muda. Sharti la jumla la pensheni ya kila mwezi ni miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na wa lazima ni miaka 60. Mama aanzaye akiwa na miaka 40, na asiyekosa mwezi, atatimiza sharti hilo akiwa na miaka 55. Aanzaye akiwa na miaka 45 atatimiza akiwa na 60. Anayengoja mpaka watoto wote wamalize chuo, naye ana miaka 52, amechelewa. Yamkini akapata mkupuo badala ya fedha ya kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kina saa yake.

Hoja za waume, na hoja za wake

Twajua yatakayosemwa. Mume atauliza: "Mimi nakatwa tayari. Kwa nini nilipe mara mbili?" Bwana, hulipi mara mbili. Unalipia wazee wawili, kwa kuwa nyumba yako itakuwa na wazee wawili. Na ukitangulia wewe, hutaki kaburini uache deni la kumlisha mama wa watoto wako mikononi mwa shemeji zake.

Wengine watasema kwamba watoto ndio pensheni. Watoto ni baraka, na mila ya kuwatunza wazazi twaiombea idumu. Lakini mtoto naye ana kodi ya nyumba, ana ada ya shule, ana mkwe mgonjwa. Mama mwenye chake hapotezi heshima ya watoto. Huwaondolea mzigo, na akitembelewa hutembelewa kwa mapenzi.

Mke naye aweza kuona haya, akidhani kwamba kuomba achangiwe ni kumwombea mumewe kifo au kuitabiria ndoa talaka. Sivyo. Mtu akiezeka nyumba wakati wa kiangazi haombi mafuriko. Tena mambo haya yamhusu mwanamume vilevile: akiwapo mume aliyeumia kazini akabaki nyumbani huku mkewe akienda ofisini, basi mke ndiye mwenye wajibu wa kumchangia.

Iko hoja moja ambayo hatuwezi kuijibu kwa mawaidha, nayo ni ya yule ambaye kipato cha nyumba nzima chaishia sokoni. Michango ya hiari humfaa mwenye ziada. Asiye na ziada hana hiari. Kwa mtu huyo jibu ni la umma mzima, si la mume peke yake. Zanzibar ilionyesha njia mwezi Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumwuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya nayo mwaka 2018 ilianza mpango wa kuwalipa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za nchi hiyo kwa mwezi. Fedha hizo ni kidogo, lakini zinamfikia bibi aliyelima maisha yake yote bila ya mwajiri. Na miaka ya kulea kuandikwa kama miaka ya kuchangia ni jambo ambalo wabunge wetu waweza kulijadili, kwa kuwa Mahakama ilikwisha kuwapa msingi wake tangu mwaka 1983.

La kufanya juma hili

Wakati tukiyangoja hayo, msomaji, yako mambo machache usiyopaswa kuyangojea. Kaeni wawili, mume na mke, mezani au mkekani. Itoeni kadi ya uanachama ya anayefanya kazi, mtazame kama mwajiri anapeleka michango kweli na kama majina ya wategemezi ni sahihi, kwa maana majina yaliyokosewa huleta usumbufu msibani. Kisha mke aseme shughuli yake ndogo humletea kiasi gani kwa mwezi, bila ya kuficha na bila ya kudharauliwa. Halafu mwulizane: mwezi huu, na kila mwezi ujao, ni kiasi gani mnaweza kukitenga kwa jina lake pasipo watoto kulala njaa? Kiwe kidogo, lakini kisikose. Risiti zake azitunze mwenyewe, mahali anapopajua mwenyewe.

Na wewe mwenye ndugu Uingereza, mpelekee habari hii. Mwambie aulize rekodi yake na ya mkewe kabla ya kulipa, na atazame posho ya mtoto imeandikwa jina la nani.

Hadi Jumapili ijayo, tuwaombee wazee wetu afya.